Muulize Bibi Mkasi: Fisi aliyegeuka chungu

*Shikamoo Bibi Mkasi. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Nachingwea. Nilikata Sungura, Fisi na Simba kwenye boksi, nikatundika shuka jeupe darasani usiku na kuwasha taa ya tyubu nyuma yake. Vivuli vilitoka vimefifia kama moshi, na Fisi alipotokea watoto wakaniuliza ni kitu gani. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Umekosea mara mbili, na mara zote mbili mimi nilikutangulia.

Kwanza hiyo taa. Tyubu ni ndefu, na kila kipande chake kinamulika kivyake. Fisi mmoja anatupa vivuli kibao vinavyolaliana, ukingo unayeyuka. Kivuli kinataka mwanga mdogo unaotoka mahali pamoja. Bibi yangu kule Newala alikuwa na kibatari cha kopo la maziwa, na kabla ya kusema "Paukwa" alishusha utambi mpaka ulimi wa moto ukabaki kama punje ya hindi. Sisi tulidhani anabana mafuta ya taa. Kweli alikuwa anabana, lakini pale kwenye ukuta wa udongo vidole vyake vilionekana mpaka kucha, na akivifungua na kuvifumba tuliliona taya la Fisi linatafuna.

Wewe tumia tochi ya simu. Zima taa nyingine zote. Simu nyingine zina taa mbili kando ya kamera, na hizo zitakupa kila mnyama na pacha wake, kwa hiyo ziba moja kwa selotepu nyeusi. Iegemeze simu kwenye kitu, usiishike, maana mkono ukitetemeka pori zima linatetemeka. Sanamu iguse shuka kabisa. Ukitaka Simba akue, mrudishe nyuma taratibu kuelekea tochi: atajaa shuka nzima na ukingo wake utabaki unasomeka. Kwa tyubu angekua akawa wingu.

Pili, Fisi mwenyewe. Hukuniambia, lakini naapa kwamba ulimkata akitazama mbele. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilifanya vilevile. Nilimchora macho, pua na meno yote, nikamkata kwa wembe jioni nzima, nikajiona fundi. Nilipomnyanyua nyuma ya shuka, mtoto wa mstari wa mbele akasema, "Chungu!" Darasa zima likaitikia chungu. Ikabidi siku ile nisimulie habari za Sungura na chungu, na mpaka leo sikumbuki niliimalizaje.

Kivuli hakina ndani. Macho, madoa, maua ya khanga, vyote vinamezwa. Kinachobaki ni ukingo, basi mgeuze mnyama ubavu. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo wake unateremka kutoka mabegani hadi matakoni. Upate mteremko huo tu, hata ukiharibu kichwa watoto watapiga kelele. Sungura ni masikio. Simba dume ni manyoya ya shingoni na shada la mkiani. Jicho ukilitaka sana, toboa tundu dogo kama punje ya mchele, liache mwanga upite. Fimbo za kushikia ni chelewa, ila zivunje kwenye ufagio mkuukuu. Mbichi zinapinda katikati ya hadithi.

*Bibi, huu mchezo wa vivuli tumeiga kwa nani?* (Msomaji wa Masasi)

Mbona kila kitu lazima tuwe tumeiga? Palipo na moto na ukuta pana kivuli. Warumi wa kale, kwa kalamu ya Plinius, waliacha kisa cha binti wa mfinyanzi wa Kigiriki ambaye mpenzi wake alikuwa anasafiri. Binti alichora ukutani ukingo wa kivuli cha uso wa huyo mpenzi kwa mwanga wa taa, baba akaujaza udongo na kuuchoma pamoja na vyungu vyake. Kule Java, Indonesia, vikaragosi vya ngozi ya nyati vinachezeshwa usiku kucha na mtu mmoja, dalang, anayesema sauti zote, na taa yao ya asili iliwaka kwa mafuta ya nazi, haya haya tunayopaka nywele. Hata neno "silueti" wanalopenda wapiga picha ni jina la mtu: Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759. Alibana matumizi hadi jina lake likabandikwa kwenye vitu vya bei rahisi, zikiwemo picha za uso za karatasi nyeusi. Naye Lotte Reiniger, Mjerumani, alitumia miaka mitatu na mkasi wake kutengeneza filamu nzima ya vivuli kutokana na hadithi za Alfu Lela u Lela. Ilitoka mwaka 1926, ina farasi anayeruka, na ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani.

Lakini ukitaka shule ya karibu, tafuta kinyago cha shetani cha Kimakonde, cha mpingo. Ninacho kimoja dirishani, upande wa mashariki. Mchana ni mti mweusi tu. Alfajiri, mwanga ukiwa nyuma yake, unaona mchongaji alivyoacha upenyo mwembamba kati ya kiwiko na mbavu, na mwingine chini ya kidevu. Ziba penyo hizo kwa kidole, shetani anakuwa gogo.

*Napiga picha za harusi Lindi mjini. Maharusi wanataka kutoka weusi mbele ya machweo baharini. Picha zinakuja za kijivu, na bibi harusi mmoja amegoma kulipa akidai haonekani.*

Kaka, machweo ya baharini unayatafuta wapi Lindi? Bahari yetu iko mashariki. Jua linachomoza majini na kuzama nyuma ya mikorosho. Waamshe. Saa kumi na mbili asubuhi wawe wameshakanyaga mchanga, hata kama bwana harusi ananuna.

Kijivu kinatokana na kidole chako. Ukigusa uso kwenye kioo cha simu, simu inauhurumia uso na anga linaungua. Gusa anga, kisha shusha mwanga kidogo zaidi. Halafu kumbuka upenyo wa kiwiko. Bibi harusi mwenye shela, akisimama kifua mbele na mume kamkumbatia, ni gunia la korosho. Mgeuze ubavu, ainue kidevu, mume arudi hatua moja, washikane ncha za vidole, anga lionekane kati yao. Adhuhuri usithubutu, hasa karibu na tarehe 20 Oktoba na 22 Februari, jua linapotukalia utosini na kivuli chako kinajificha chini ya nyayo. Kuhusu malipo, mwonyeshe mteja picha ya mfano kabla hajavaa.

*Nipo Mikindani, naandika hadithi za kutisha. Zimwi langu lina macho saba, pembe tatu na ulimi wa nyoka, lakini wasomaji wanacheka.*

Umeliwashia tyubu, mjukuu wangu. Katika filamu ya kimya *Nosferatu*, ya Ujerumani, mwaka 1922, mnyonya damu anapanda ngazi na tunachokiona ni kivuli chake tu ukutani, kucha zikitangulia. Bibi yangu hakuwahi kulihesabu zimwi macho. Alisema, "Nje kulikuwa na mbalamwezi. Mara mlangoni pakawa giza." Kisha akanyamaza akapangusa kibatari. Futa macho matano, halafu futa na mawili yaliyobaki, unitumie tena.

Na wewe wa Tandahimba unayeuliza kama ngozi ya mbuzi inafaa badala ya boksi: inafaa sana. Iwambe ikiwa mbichi, iparuze nyama na manyoya mpaka ipitishe mwanga, ndipo uikate. Ukiipaka rangi, kivuli nacho kitatoka na rangi. Ila uikaushie juu ya paa. Yangu ya kwanza ililiwa na mbwa wa jirani, Simba na Sungura kwa pamoja.