Nikizima rekoda ndio mama anaanza kuongea

SWALI: Mwalimu, habari za huko. Niko mwaka wa tatu wa PhD hapa Kisumu, nafanya utafiti juu ya akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, pale ufuo wa Dunga, vile wanapanga pesa, chama cha kuchanga na karo msimu ukiwa mbaya. Nimeshahoji wamama 19. Shida ni mbili, hapana, tatu. Kwanza juzi nikipresenti kwa idara mzee mmoja wa paneli akaniuliza mbona 19 tu, mbona si 200, nikabaki nameza mate. Pili, nikiwasha rekoda mama anaongea kama anasoma taarifa ya habari, nikizima tu ndio stori yenyewe inaanza. Tatu, mamangu aliuza omena soko la Kibuye miaka mingi, kwa hivyo hao wamama wananiita nyathiwa, mtoto wetu, na kila nikiuliza kitu jibu ni "si unajua tu". Naona kama data yangu imeharibika. Nifanyeje?
Wa Rekoda, Nyalenda

JIBU: Pole dadangu, lakini hapo hakuna kilichoharibika, na hiyo shida yako ya pili ndio nimeipenda zaidi.

Ya 19 tuimalize haraka. Anayetaka 200 anataka kujua ni wangapi, wewe unatafuta inakuwaje na kwa nini, hizo ni safari mbili tofauti. Kuna kazi ya mtafiti Greg Guest na wenzake ya 2006, walifanya mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria wakarudi kuangalia mambo mapya yaliacha kuja lini, wakakuta mengi yalishatokea kwa yale 12 ya kwanza. Lakini usiende kupiga mzee kichwa na hiyo 12, wale wanawake walifanana kiasi na waliulizwa maswali yaleyale, na watafiti kina Virginia Braun na Victoria Clarke wana maswali mengi tu juu ya hiyo imani kwamba data inafika mahali inashiba. Rudi kwa daftari uangalie mama wa 17, wa 18 na wa 19 walikuambia nini ambacho hukuwa umesikia. Kama ni mengi, mzee yuko sawa ingawa kwa sababu si yake, rudi Dunga. Kama hakuna, mwonyeshe hivyo hivyo, ukurasa kwa ukurasa.

Sasa rekoda. Mimi PhD yangu niliifanya Naivasha na wafanyakazi wa mashamba ya maua, na mahojiano yangu ya kwanza nayaonea aibu hadi leo, nilikaa na fomu kwa paja nikisoma swali moja baada ya lingine na yule mama akinijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, baadaye nikaja kujua alidhani nimetumwa na ofisi na akikosea anaweza kusimamishwa kazi. Alinisindikiza hadi steji ya matatu na hapo tukisubiri gari ndio akaniambia vile mikono inamuwasha usiku na vile anavua nguo za kazi nje kabla mtoto amkimbilie. Dakika kumi hivi. Mimi rekoda iko kwa begi, na nikaona nimepoteza.

Sikuwa nimepoteza, nilikuwa tu sijajua cha kufanya. Usiku huo huo, kabla ya kula, kabla ya simu, unaandika kila kitu unachokumbuka, maneno yake kama alivyosema, mlikuwa mmesimama wapi, nani alipita akanyamaza. Ukingoja kesho utaandika maneno yako ukidhani ni yake. Halafu, na hapa ndipo wengi wanateleza, unarudi kumuuliza: mama, ile uliniambia tukitembea, naweza kuiandika? Maana alipokubali kuhojiwa alikubali kilicho kwa rekoda, na hiyo leseni ya utafiti ya serikali, ya NACOSTI, na barua ya kamati ya maadili haikupi ruhusa ya kuchukua alichokuambia kama mtoto wake. Najua baadhi ya hayo unayoyasikia rekoda ikizimwa ni ya jaboya, mvuvi kutaka mwili ndio akupe samaki. Akikataa, usimnukuu, lakini unaweza kuandika kwamba kuna mambo hayasemwi rekoda ikiwa imewaka, hiyo yenyewe ni matokeo.

Na ukificha majina usidhani kubadilisha Akinyi kuwa Atieno kunatosha. Ufuo ni mdogo. Ukisema "mjane ambaye boti ya mumewe ilizama, mwenye kibanda karibu na mti" Dunga yote imeshamjua, na mwenye boti aliyesemwa vibaya amemjua pia. Badilisha kibanda, toa mti, ikibidi gawa stori moja kwa watu wawili na useme kwa tasnifu kwamba umefanya hivyo.

Hii ya "si unajua" inatokana na wewe kuwa mtoto wa nyumbani, na usiifiche kwa sentensi moja ya sura ya mbinu, ipe kurasa mbili tatu, mamako, Kibuye, kila kitu. Ukiwa shambani mwambie mama hivi: ya mamangu naijua, yako siijui, nieleze kama mtu ametoka Garissa hajawahi kuona omena. Atacheka, halafu ataeleza. Na usikae naye uso kwa uso kama uko polisi, kaa kando yake mkitoa mawe na konokono kwa omena, mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea wenyewe, hata wako. Nenda wiki ya mwezi mkubwa, wakati huo mwangaza unashinda taa za wavuvi kwa hivyo mzigo ni kidogo na wamama wana nafasi. Wiki ya giza utawapata wamekesha wakingoja boti, wanahesabu karai, na wewe na maswali yako mtakuwa tu njiani.