Jibu: Kutembelea shamba la kahawa ukitokea Dodoma

Ndugu yangu, umeuliza kama hapa Dodoma kuna shamba la kahawa la kuwapeleka watoto wakatembezwe na mwenyeji. Hapa hakuna, mvua yetu ni chache mno kwa mbuni, huku ni zabibu. Ila barabara ya lami ya Kondoa–Babati inakufikisha Makuyuni, unakata kushoto kwenda Karatu, na huko mashamba yapo na wageni wanapokelewa. Ukiwa na siku za ziada, sogea mpaka Materuni, juu ya Moshi, kwenye maporomoko ya maji.

Mimi nilienda Materuni mwezi wa Agosti, wakati wa mavuno, na wewe lenga hapo. Tulichuma buni nyekundu, tukaimenya, tukaona inavyoanikwa juani. Iliyokwisha kukauka tukaitwanga kwenye kinu kuondoa ganda, tukapepeta, kisha tukaikaanga chunguni juu ya kuni. Usiache mwiko hata kidogo, inaungua upande mmoja! Harufu ilibaki kwenye kanga yangu siku mbili.

Vaeni viatu vya kushika, njia zina utelezi. Na bei mpatane kabla ya kuanza.