Dalali hapunguzi uzito wa lori

SWALI: Niliagiza lori dogo la Canter lililotumika, likiwa chesisi (fremu na magurudumu) na kabini ya dereva tu. Karatasi zinasema kilo 2,550. Fundi wa Kariobangi ameifunga bodi ya chuma. Naambiwa haihitaji kidhibiti mwendo kwa kuwa hubeba tani tatu tu, na dalali ameahidi kunitolea cheti cha ukaguzi bila kupeleka gari. Je, kuna tatizo? – Msomaji, Umoja

JIBU: Lipo, tena kubwa. Mzigo unaobeba hauhusiki na kidhibiti mwendo hata kidogo. Kinachotazamwa ni uzito wa gari likiwa tupu, na kikomo ni kilo 3,048. Hizo ni tani tatu za kipimo cha zamani cha Waingereza, kilo 1,016 kila moja, na nadhani hapo ndipo watu walipoanza kuchanganya. Tangu Tangazo la Kisheria Namba 161 la 2003, enzi za Waziri wa Uchukuzi wa Kenya John Michuki, gari la biashara linalozidi kikomo hicho hufungwa kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa.

Sasa piga hesabu. Kilo 2,550 ni za chesisi na kabini. Bodi ya chuma ikiwa na kilo 600 tu, umefika 3,150, umeshavuka. Usibishane na fundi wala na mimi: peleka gari tupu kwenye mizani ya umma, upewe tiketi.

Na hapa pana jambo ambalo wenye malori hawataki kulisikia. Uzito wa jumla uliowekwa na kiwanda, yaani gari pamoja na vyote linavyobeba, hauongezeki kwa sababu umeongeza vyuma. Kama bamba la kiwanda linasema kilo 5,500, ukitoa 3,150 unabaki na 2,350, na humo wamo dereva na tanboi (utingo). Kila kilo ya bodi imekula kilo ya mzigo. Hiyo "Canter ya tani tatu" si ya tani tatu tena. Ukiijaza hivyo, breki na springi zinafanya kazi ambayo hazikuundiwa.

Omba mabadiliko ya aina ya bodi kupitia akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lipa humo humo, chagua siku, kisha gari lenyewe lifike kwenye ukaguzi, Likoni Road ama kituo kingine. Leseni ya dereva nayo iwe ya daraja la lori: C1 kwa jepesi, C kwa la kati, CE likiwa na tela.

Cheti cha dalali kinapita barabarani mpaka siku ya ajali. Siku hiyo polisi hupeleka gari kukaguliwa, na bodi isiyo kwenye logibuku (kitabu cha usajili wa gari) haijifichi. Madalali hao hao huwauzia watu bima ya lori linalobeba mizigo ya mwenyewe tu kwa sababu ni nafuu, ilhali lori linabeba mizigo ya wengine kwa malipo. Kampuni ya bima ikigundua, ina sababu ya kukataa kulipia lori lako, na aliyekuuzia karatasi hapokei simu.

Madalali wakija na "sheria mpya", waulize nambari ya tangazo na mwaka, kisha uitafute mwenyewe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya kutoa hata shilingi.