Skuta inanguruma lakini haiendi: anza na mkanda kabla ya kugusa injini

Ukitoka kwenye pikipiki ya gia ukahamia skuta kubwa ya automatiki, wiki ya kwanza utadhani umeuziwa mbovu. Unaongeza mafuta kidogo, mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda, injini inalia, na Bajaji bado inakupita. Mimi nilinunua yangu ya cc 400 iliyokwisha kutumika Japani, na siku za mwanzo kila nikiondoka kwenye taa za Ubungo, Dar es Salaam, moyo ulikuwa unanienda mbio.

Ile sauti kwa kiasi kikubwa ni ya kawaida. Skuta hizi hazina gia. Zina puli mbili na mkanda katikati. Puli ya mbele ina rola nzito ndani yake. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinasukumwa nje, zinabana puli, na mkanda unapanda juu. Puli ya nyuma nayo inafunguka ikipingana na springi yake, mkanda unazama. Ukiwa mwendo mdogo mkanda umezama mbele na umepanda nyuma, sawa na kuwa gia namba moja. Ndiyo maana ukiondoka kwa nguvu resi hupanda kwanza na kutulia hapohapo, huku spidi ikiendelea kuongezeka taratibu. Masikio yaliyozoea gia hayapendi hali hiyo, lakini chombo hakina tatizo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: skuta ikiwa bado nzima, ijue namba yake. Tafuta kipande cha barabara tambarare, injini ikiwa imeshapata moto, tembea kilomita 40 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza, usome resi, uandike. Yangu ilikuwa inakaa kama 3,800. Bila namba hiyo nisingeshtuka mapema.

Baada ya miezi kadhaa, nikiwa kilomita 40 zilezile, nikaona 4,700. Kupanda kutoka Kimara kwenda Temboni ikawa kelele tupu, na nikisimama nasikia harufu ya mpira ulioungua. Fundi wa kwanza, mtu mzuri aliyezoea bodaboda za mnyororo, akaniambia, "Kaka, hiyo injini imechoka, tufungue tubadilishe ringi." Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kwamba injini ilikuwa haitoi moshi, haili oili, na ilikuwa inawaka kwa mguso mmoja. Injini iliyochoka haipandishi resi kirahisi namna ile. Nguvu ilikuwepo, ila ilikuwa inapotea njiani kabla ya kufika kwenye tairi.

Fundi wa pili alifungua kava la mkanda. Rola zilikuwa zimelika upande mmoja hadi kuwa bapa, na mkanda ulikuwa umepungua upana kuliko kipimo cha mwisho kwenye kitabu cha skuta. Rola zikilika hivyo zinapungua uzito na kukwama, puli haibanwi inavyotakiwa, na injini inalazimika kuzunguka zaidi kwa spidi ileile. Skuta ilikuja na kilomita 31,000 kwenye dashibodi, na hakuna aliyejua mkanda ulibadilishwa lini, kama uliwahi kubadilishwa. Skuta nyingi za aina hii hutaka mkanda mpya kati ya kilomita 20,000 na 25,000. Ukinunua iliyotumika bila kumbukumbu, badilisha mkanda na rola siku za mwanzo. Mkanda ukikatika juu ya daraja la Kijazi saa kumi na moja jioni, malori yako nyuma yako na wewe huna mwendo.

Kabla ya kwenda kwa fundi, sikiliza resi zinapanda wakati gani. Zikipanda unapoondoka tu, skuta ikatetemeka, kisha ikishika mwendo zikarudi kawaida, shuku klachi, ile inayounganisha puli ya nyuma na tairi. Zikiwa juu mwendo wote, shuku rola, mkanda, au springi na puli ya nyuma iliyokwama. Na simama karibu wakati wa kufunga: niliwahi kuona kijana akipaka grisi kwenye nyuso za puli ili "iteleze vizuri". Pale mkanda unapokaa panatakiwa pawe pakavu na pasafi kabisa. Hata alama ya kidole chenye oili ifutwe.

Usikubali pia kuwekewa rola nyepesi kwa ahadi ya kuondoka haraka. Zitakupa huo mwondoko, na resi za juu kila siku, na mafuta mengi zaidi.

Wenye skuta za Suzuki Burgman 650 zenye mfumo wa umeme unaosogeza puli, angalieni kwanza kitufe cha Power. Kikiwa kimebonyezwa, resi zinakaa juu kwa makusudi. Honda X-ADV za DCT (gia za automatiki zenye klachi mbili) ni habari nyingine, zile zina gia za kweli, na ikiwa kwenye S, yaani hali ya Sport, inachelewa kupandisha gia.

Kwenye foleni, kinachoua klachi ni kuburuza mwendo wa mtu anayetembea, mkono mmoja ukiongeza mafuta na mwingine ukishika breki. Acha nafasi ifunguke mbele, ondoka vizuri, simama tena. Mlimani shikilia skuta kwa breki, kamwe si kwa mafuta.

Na masika yakija, usijaribu kupita kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani. Boksi la mkanda likiingia maji, mkanda unateleza, injini inalia, skuta inabaki palepale. Ikikutokea, ondoka kwenye maji, zima, subiri, kisha tembea polepole mpaka joto likaushe. Kama maji yalikuwa na tope, kava lifunguliwe siku hiyohiyo, maana mchanga unasaga mkanda na puli kwa pamoja.

Yangu sasa, kilomita 40, inasoma 3,700.