Maswali na majibu: hatari ya ugonjwa, dawa za kudumu na wanafunzi wodini

Nimesoma kwamba dawa ninayotumia inaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Niiache?

Usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako, na ukifika kwake muulize: maradufu ya ngapi? Tuseme katika watu 10,000 wasioitumia, wawili hupata tatizo hilo, na kwa wanaoitumia ni wanne. Hatari imeongezeka maradufu kweli, lakini watu 9,996 wamesalimika. Kama ilitoka 1,000 ikawa 2,000, hapo kuna jambo zito. Vichwa vya habari vinavyoficha namba ya kwanza vinanisikitisha sana, kwa sababu wapo wanaoacha dawa inayowalinda.

Presha yangu iko juu ila sijisikii vibaya. Watafiti wanajuaje kwamba itanidhuru?

Walijua kwa kuwafuatilia watu miaka mingi. Mwaka 1948 ulianza utafiti wa wakazi 5,209 wa mji wa Framingham, Marekani. Walipimwa, kisha wakaitwa tena kila baada ya miaka miwili hivi. Muda ulivyokwenda ikaonekana kwamba wenye presha ya juu, lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu na wavutaji sigara ndio walioongoza kwa maradhi ya moyo, hata wale waliojiona wazima. Baadaye watoto na wajukuu wao nao wakaingizwa. Utafiti kama huu hausemi wewe binafsi utapatwa na nini. Unaonyesha yaliyowapata wengi wanaofanana nawe, na presha huharibu mishipa, figo na moyo bila kukupa maumivu.

Nina kisukari, na kila kliniki nakutana na daktari mpya. Kuna shida?

Ipo. Anayekujua hugundua haraka kilichobadilika. Ukikosa daktari mmoja, tunza daftari lenye dawa, vipimo na tarehe zake.

Wanafunzi wa udaktari walinizunguka kitandani. Naweza kukataa?

Unaweza, na matibabu yako hayapaswi kupungua kwa sababu hiyo. Kufundishia wodini kuna thamani kubwa. Daktari William Osler alikuwa mstari wa mbele kuwapeleka wanafunzi kwa wagonjwa pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, tangu miaka ya 1890. Lakini ridhaa iombwe kabla kundi halijafika. Mgonjwa aliyelala, akiulizwa mbele ya watu kumi waliosimama, hana nafasi ya kusema hapana. Unaweza pia kukubali nusu: wakusikilize moyo, ila usiguswe tumbo, au waingie wawili tu.