Mwenye bwawa jipya Dodoma, weka chini kwanza hiyo ndoo ya klorini

Jua la mwezi wa kumi na moja likishakolea, swali ni lile lile kutoka Iyumbu mpaka Njedengwa: "Nimemwaga dawa ndoo nzima, mbona maji yamekuwa kama maziwa?" Ndugu zetu mliojenga mabwawa juzi, tunafurahi nanyi. Ila inauma kuona kila mgeni anarudia kosa alilofanya jirani yake mwaka jana, na kulilipia kwa boza zima la maji. Basi kaeni tuzungumze. Kupima pH na klorini tunajua mnajua, kwa hiyo hapo hatutachelewa.

1. Jua ujazo. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Hesabu zote hapa chini ni za bwawa hilo. La kwako likiwa nusu yake, gawa kwa mbili. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha pampu, maana kibarua atabadilika na ukuta utabaki.

2. Pima maji ya bomba kabla ya kupima ya bwawa. Hapa ndipo Dodoma inapoachana na vitabu vilivyoandikwa kwingine. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, yawe ya visima vya Mzakwe au ya kisima ulichochimba uani, na yanakuja na chokaa pamoja na alkaliniti (nguvu ya maji kuzuia pH isiyumbe) ya juu. Birika la nyumbani limeshakuambia hivyo siku nyingi. Maji ya ardhini pia hubeba gesi ya kaboni iliyoyeyuka. Yakishamwagwa bwawani na kupigwa na upepo, gesi hiyo hutoka, kama soda iliyoachwa wazi, na pH hupanda yenyewe bila mtu kuweka kitu. Unajaza bwawa Jumatatu likiwa na 7.4, Alhamisi unakuta 8.2, unamlaumu kibarua. Muache, hana kosa.

Na pH hiyo ndiyo inayoamua klorini yako ifanye kazi au ikae tu. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika umbo linaloua vijidudu kwa nguvu. Kwenye 8.0 inabaki kama robo. Dawa ni ile ile, hela ni ile ile, na kazi imepungua nusu.

3. Shusha alkaliniti kwanza, kisha pH, klorini iwe ya mwisho. Vitabu vinasema alkaliniti miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Kwa maji haya magumu sisi tunasema 70 hadi 80, na pH 7.2 hadi 7.4, kwa sababu chokaa ikiwa nyingi lazima hivyo viwili viwe chini ndipo isigande kwenye vigae. Kwa bwawa letu la lita 48,000, takriban lita 1 ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 32 hushusha alkaliniti kwa miligramu 10 kwa lita. Weka lita moja kwa wakati, pampu ikiwa inazunguka. Tia maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza, ndipo umimine asidi ndani ya maji, kamwe usifanye kinyume chake. Mwaga taratibu upande wa kina kirefu, subiri kwa muda wa saa nne, pima tena. Asidi itashusha pH nayo. Ikishuka chini ya 7.2, geuza nozeli (midomo inayorudisha maji bwawani) zitazame juu ili maji yarukeruke, na pH itapanda bila alkaliniti kurudi. Magadi soda unayouziwa ya kupandishia pH, mwachie muuzaji. Kwa maji ya hapa ni nadra sana uyahitaji.

4. Ndoo ya saa sita mchana. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, na hata tuliotangulia hatuwezi kunawa mikono, kwa hiyo tulifuate hatua kwa hatua.

Ni Jumamosi, wageni wanakuja saa tisa. Maji yana rangi ya kijani kwenye kona, pH iko 8.2 na haijapimwa tangu Jumatano. Mwenye bwawa anafungua ndoo ya klorini ya unga ya asilimia 65 na kumwaga kilo 5 juu ya maji, juani. Kilo 5 kwenye lita 48,000 ni karibu miligramu 68 kwa lita, wakati bwawa la kuogelea linahitaji kati ya 1 na 3. Unga huo ni klorini iliyofungwa na kalsiamu, kwa hiyo papo hapo ameongeza ugumu wa maji kwa takriban miligramu 48 kwa lita na kuisukuma pH juu zaidi. Chokaa iliyokuwa imejificha ndani ya maji inakosa nafasi, inajitenga, na bwawa lote linageuka maziwa ndani ya dakika chache.

Sasa ndiyo linakuja kosa la pili, lililo baya kuliko la kwanza. Anapima. Tone linaanguka kwenye kichupa, rangi ya waridi inawaka mara moja kisha inapotea, maji yanabaki meupe. Anasoma: klorini sifuri. Ukweli ni kwamba klorini ni nyingi kiasi cha kuibabua dawa yenyewe ya kupimia. Yeye anaongeza kilo nyingine 2. Anapima pH, kichupa kinakuwa zambarau iliyokolea, kwa sababu klorini nyingi huharibu hata kipimo hicho. Anashtuka, anamimina lita 5 za asidi kwa pupa. Hapo yuko kwenye hatari ya kweli, kwa sababu asidi na klorini vikikutana vikali hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na watoto wanakimbia ukingoni. Jioni wageni wameondoka, nguo za kuogelea zimebabuka, na mchanga wa chujio umeanza kushikana kwa chokaa. Jumatatu analeta boza.

Ukishaliona bwawa maziwa baada ya kumwaga dawa, usiongeze kitu chochote. Watu wote watoke. Acha pampu izunguke, acha bwawa wazi, jua la Dodoma litaila klorini ambayo haina stabilaiza (dawa inayoikinga na jua) kwa muda wa siku moja au mbili. Ukitaka kujua imebaki ngapi, chukua sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tisa za maji ya kunywa ya chupa, pima mchanganyiko huo, zidisha jibu kwa 10. Klorini ikishashuka chini ya 5 ndipo pH unayoisoma iwe ya kuaminika, na ndipo utie asidi kidogo kidogo kufika 7.2. Sehemu ya chokaa itayeyuka tena, nyingine itashikwa na chujio. Fanya bakwashi (kurudisha maji kinyume ndani ya chujio ili yaoshe mchanga na kutoa uchafu nje) mara kwa mara mpaka uone sakafu.

Na njia sahihi ilikuwa hii: jua likishazama, pH ikiwa tayari 7.2, gramu 75 za unga huo huo kwa kila miligramu 1 kwa lita unayotaka kuongeza. Kwa kijani cha kona, gramu 750 zinatosha kuanzia, pamoja na brashi. Unga uingie kwenye ndoo yenye maji, ukoroge, uache utulie, umwage maji ya juu bwawani na uyaache yale mashapo meupe chini.

5. Hesabu ya chokaa. Kwa upepo wetu mkavu bwawa hupoteza nusu sentimita ya maji kwa siku bila shida. Kwa bwawa letu ni lita 160. Maji yanayoruka hewani huacha chumvi zote nyuma, halafu unajazia tena kwa yale yale magumu. Tuseme ya kwako yana ugumu wa miligramu 300 kwa lita: kila siku umeingiza gramu 48 za chokaa, sawa na miligramu 1 kwa lita. Ukitumia klorini ya unga kwa miligramu 2 kwa siku, ongeza nyingine 1.4. Baada ya siku 100 umetoka 300 umefika 540, bila kosa lolote. Vigae vinaota ukoko mweupe kwenye mstari wa maji na watu wanalaumu sabuni.

Vidonge vya klorini havina kalsiamu, ila vina stabilaiza, na kwa dozi hiyo hiyo siku 100 zitakuachia stabilaiza 120, klorini ikawa imefungwa mikono. Kwa hiyo tumia vidonge mpaka stabilaiza ifike 40, halafu hamia klorini ya maji. Nunua ya wiki mbili tu, kwenye joto hili inachoka haraka dukani na stoo.

6. Stabilaiza kwa bwawa jipya: kilo 1.5 ndani ya soksi, ining'inie mbele ya nozeli. Usifanye bakwashi mpaka iyeyuke yote.

7. Fanya bakwashi geji ya presha ya chujio ikipanda baa 0.5 juu ya ilivyokuwa chujio kikiwa safi. Zima pampu kabla ya kugusa mpini wa valvu. Zima pampu. Gasketi yake ni ghali na kuipata hapa mjini ni kusubiri basi la Dar.

8. Stoo: unga na vidonge visikae rafu moja, wala visipitie chombo kimoja cha kuwekea dawa. Vikichanganyika na unyevu kidogo vinawaka moto, hata kulipuka. Asidi iwe na chumba chake.

Dawa pekee ya ugumu uliozidi na stabilaiza iliyozidi ni kutoa maji na kuingiza mengine, na maji laini kuliko yote tuliyo nayo hapa yanaanguka bure kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 3,000 zisizo na chokaa. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la kiangazi, kisha elekeza mfereji bwawani, baada ya kutoa kiasi hicho hicho kwa bakwashi. Hayo unayotoa usiyaelekeze kwenye mizabibu ya jirani. Chumvi iliyojikusanya humo itaichoma mizizi, klorini iwe imeisha au haijaisha.