Mkuu, weka hilo dumu chini, upande kwenye mizani

Hapana, mkuu. Nimesoma mpango wako mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Wiki nzima ya joto la nyuzi 35, kilomita 10 Jumanne na Alhamisi kabla ya kazi, 18 Jumamosi, Jumapili gofu mashimo 18 kwa miguu, na kinga yako ya yote hayo ni lita 7 za maji matupu kila siku "hata kama sina kiu". Chumvi umekata. Juu yake ibuprofeni, dawa ya maumivu, kabla ya mbio za Jumamosi kwa ajili ya goti. Hiyo si ratiba ya mazoezi, ni fomu ya kulazwa. Mimi niliwahi kuijaza kwa kunywa maji kupita kiasi, nikapimwa sodiamu (madini ya chumvi) ya damu 124, kwa hiyo usiniambie natisha watu.

Sodiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya 135 na 145, kwa milimoli kwa lita. Mtu wa kilo 72 ana maji kama lita 43 mwilini. Akibakiza lita 3 asizozihitaji, 140 inashuka mpaka 131 hivi, na hapo hujagusa chumvi iliyotoka na jasho. Damu ikishakuwa nyepesi, maji yanahamia ndani ya seli na seli zinavimba. Kidole kikivimba, pete inabana, basi. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda, maana fuvu halitanuki.

Najua utasema utakojoa yatoke. Nami nilisema hivyohivyo, tena kwa kujiamini. Ukiwa umetulia, figo nzima zinatoa kama lita moja kwa saa au pungufu kidogo. Ukikimbia kwenye joto, mwili unamwaga homoni inayoziamuru figo zishike maji, na homoni hiyo haikomi papo hapo eti kwa sababu umevua viatu. Zile lita 2 unazotaka kumaliza ofisini kabla ya saa 3 zitakuta mlango umefungwa. Ibuprofeni nayo inazidi kuzizuia figo kutoa maji. Goti likiuma kiasi cha kuhitaji kidonge kabla ya kilomita 18, usikimbie 18.

Na yule kocha wa mtandaoni aliyenifundisha "kunywa kabla hujasikia kiu, kunywa mpaka mkojo uwe mweupe pe", popote alipo, chupa yake impasukie begani. Mkojo mweupe pe ni figo zikitupa maji yaliyozidi. Hakuna tuzo hapo. Bwana alikuwa anauza chupa, ile ya lita 2 yenye mistari ya saa ubavuni, na mimi nikanunua mbili. Kiu nilizaliwa nayo bure. Katika marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu ya chini. Jambo lililowatabiri kuliko yote lilikuwa kuongezeka uzito. Yaani mtu anakimbia kilomita 42 na kumaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza!

Kwa hiyo mizani. Kojoa, vua nguo zote, jipime. Kimbia. Andika mililita ulizokunywa njiani. Ukirudi jifute jasho, vua tena (nguo zilizolowa zina uzito, usijidanganye), jipime kabla ya kunywa chochote. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Mfano: umetoka na 72.4, umerudi na 71.2, umekunywa nusu lita kasoro mililita 200. Umepoteza 1.2 ukijumlisha 0.3, ni lita 1.5. Kama zilikuwa dakika 50, jasho lako ni lita 1.8 kwa saa, na wewe ni mtu wa jasho jingi. Mwenzako wa umbo hilohilo anaweza kutoa lita 0.7. Ndiyo maana namba ya mtu mwingine haikufai, hata yangu.

Kupungua mpaka asilimia 2, yaani kilo 1.4 kwa mtu wa 72, usikimbilie kufidia njiani. Kunywa kwa kiu, kingine utakirudisha taratibu kwa saa kadhaa pamoja na chakula chenye chumvi. Ukirudi na uzito uleule, ulikunywa kiasi cha kukutosha kabisa. Ukirudi umeongezeka, hata nusu kilo, acha kunywa mpaka ukojoe vya kutosha. Hakuna mjadala kwenye hilo.

Usinijibu kwamba utahamia vinywaji vya michezo. Vingi vina sodiamu karibu 20 kwa lita wakati damu yako ina 140. Ukivizidisha vinaifanya damu nyepesi vilevile, polepole kidogo tu, na sukari juu. Ukiwa umepoteza jasho jingi kweli, maji lita moja, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, yanafaa kuliko maji matupu. Usizidishe chumvi hapo kwa bidii. Na kwa nini umekata chumvi wiki hii ya wiki zote? Mwili usiozoea joto unatoa jasho lenye chumvi zaidi, na kuzoea huchukua siku 10 mpaka 14. Kama ulikatazwa na daktari kwa ajili ya presha, au unameza vidonge vya kukojosha, rudi ukamuulize yeye kabla ya mbio, maana vidonge hivyo peke yake vinaweza kushusha sodiamu.

Dalili: kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, tumbo kujaa maji yanayocheza, halafu kuchanganyikiwa na degedege. Balaa ni kwamba mwanzoni zinafanana na za kuishiwa maji, kwa hiyo wasamaria wema wanakuongezea maji. Nilipewa chupa mbili na watu wenye roho nzuri. Mwenye kuchanganyikiwa ni wa hospitali, haraka, na waambie alikunywa kiasi gani. Akiwa pia anachemka mwili, mzamisheni kwenye maji baridi wakati mnasubiri gari, kichwa kikiwa juu.

Gofu, eti. Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 mpaka 10 kwa saa nne na kitu, siku moja baada ya mbio ndefu. Jipime nayo vilevile, maana mwendo wa polepole una nafasi nyingi za kunywa na jasho kidogo kuliko unavyodhani. Mkoba weka kwenye kigari, usiubebe. Glavu mbili za kubadilishana, nyingine ining'inie ikauke, la sivyo fimbo itakutangulia kwenda kwenye majani. Anza asubuhi badala ya saa 7 mchana.

Uliuliza pia viatu, na kofia, na kitu kuhusu mkutano wa Alhamisi. Sikumbuki, wenye kujua watakujibu. Wewe kesho leta hapa namba tatu: kilo kabla, kilo baada, na mililita ulizokunywa. Na usijipime umevaa soksi zilizolowa.